Kopo la Kakao Katika Picha za Ponting

Picha alizopiga Herbert Ponting huko Antaktika, katika msafara wa Kapteni Scott wa 1910 hadi 1913, husifiwa sana kwa uzuri wake. Sifa hizo hatuzipingi. Tunachopinga ni tabia ya wahakiki wa kibepari ya kuitazama barafu wasilitazame kopo.

Maana makopo yamo. Yupo mtu anayekula maharage ya Heinz, na kopo limewekwa waziwazi mbele ya kamera. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 20,000, nazo hazikutosha. Zilizobaki ziliombwa kwa matajiri na makampuni. Fry walitoa kakao, Colman haradali, Huntley & Palmers biskuti. Malipo yao yalikuwa matangazo.

Hapo ndipo picha inapoanza kudanganya. Inaonyesha shibe ya kambini Cape Evans. Ponting hakufika Ncha ya Kusini. Aliondoka Antaktika Machi 1912, mwezi uleule aliokufa Scott. Wale watano waliovuta mizigo kwa miili yao juu ya barafu walipewa posho isiyolingana hata kidogo na nguvu walizotumia. Njaa yao haina tangazo.

Na kakao yenyewe ilitoka wapi? Miaka mingi Fry walinunua kakao ya São Tomé, ambako Waafrika waliochukuliwa Angola walifanyishwa kazi za kitumwa. Waliacha kuinunua mwaka 1909, baada ya kelele nyingi, mwaka mmoja tu kabla ya meli ya Scott kung'oa nanga. Jina lililochafuka shambani likapata mahali peupe pa kusafishwa. Hatusemi kwamba Ponting alikusudia hayo. Nia ya msanii ni jambo dogo hapa. Tunauliza kazi yake ilitumikia tabaka gani. Wapo watakaosema kwamba bila makampuni msafara usingekuwapo. Ni kweli, na ndiyo sababu inatupasa kumjua mlipaji.

Edgar Evans, baharia wa tabaka la wafanyakazi kutoka Wales, alikuwa wa kwanza kufa kati ya wale watano, Februari 1912. Fedha zilizochangwa na wananchi wa Uingereza zilipogawanywa, mjane wa Scott alipewa pauni 8,500. Mjane wa Evans, mwenye watoto watatu, alipewa 1,250.