Mkato Uliomnyang'anya Kiwanuka Gitaa Lake

Aliyeufupisha wimbo wa "Cold Little Heart" ili uingie redioni aliukata mahali pabaya, na sitaacha kusema hivyo hata kama ni wimbo huohuo uliomfikisha Michael Kiwanuka kwenye runinga za dunia nzima. Mnaujua. Ndio unaofungua albamu ya Love & Hate ya mwaka 2016. Unakaribia dakika kumi, na katika nusu yake ya kwanza hakuna anayetamka neno. Toleo la redio lilibakiza dakika tatu na ushei, na ile nusu ya kwanza ikaenda yote. Watayarishaji wa Big Little Lies, tamthilia ya HBO iliyoanza Februari 2017, nao wakaanzia hapohapo kwenye uimbaji. Tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba wimbo huo huanza na gitaa kavu na mtu anayeimba kwa huzuni.

Tusikilize kilichotupwa. Violini zinaingia chini kwa chini, bila haraka. Wanafuata waitikiaji, sauti tupu zisizo na maneno, zinapanda na kushuka kama watu wanaovuta pumzi pamoja. Kisha linaingia gitaa la umeme na kukaa pale ambapo mwimbaji angekaa. Linavuta noti moja, linaikunja, linaiacha ining'inie juu ya violini, na waitikiaji wanalijibu. Linauliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Ngoma zinapokuwa zimeshika njia, muziki umejaa kiasi kwamba unahisi umefika kileleni kabla hata hujajua wimbo unahusu nini. Halafu vyombo vinaondoka. Linabaki gitaa moja linalodonolewa, na hapo ndipo Kiwanuka anafungua kinywa.

Sauti yake inaingia na mkwaruzo, ya mtu aliyechoka. Katika wimbo mzima uchovu huo una sababu, kwa kuwa msikilizaji amepanda mlima pamoja naye kwa dakika tano na sasa wanateremka wote wawili. Katika toleo fupi mwimbaji anaanza akiwa hoi na hatujui kimemchosha nini. Noti ni zilezile, sauti ni ileile, lakini ile nguvu ya kuingia imepotea. Kuingia kwa sauti huandaliwa. Ukifuta maandalizi umefuta na kuingia kwenyewe, na hili prodyuza yeyote aliyekaa mbele ya mashine ya kuchanganyia sauti analijua.

Kuna ubaya mwingine unaoniuma zaidi. Kiwanuka alikuwa mpiga gitaa kabla ya kuwa jina. Akiwa kijana kaskazini mwa London alilipwa kupigia wengine, akiwemo rapa Chipmunk, na sauti aliileta baadaye. Zile dakika tano ndipo mpiga gitaa huyo alipopewa nafasi ya kusema bila kukatizwa, mwanzoni kabisa mwa albamu, mahali ambapo wasanii wengi huweka wimbo wao mwepesi kuliko yote. Toleo fupi linamtambulisha kama mwimbaji tu.

Niliwahi kuupiga wimbo mzima kwa spika ndogo kwenye kibanda cha mafundi wa pikipiki hapa Kivaa sokoni, watu waliokulia benga na wasiojua soul ni nini. Hakuna aliyeuliza mbona kuimba kumechelewa. Fundi mmoja alisimama na spana mkononi, akasikiliza solo ikimalizika, kisha akauliza huyu anayepiga ni wa wapi. Nilimwambia ni Mwingereza, mtoto wa Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin, na ndiye huyo huyo anayeanza kuimba sasa. Angelisikia toleo fupi kwenye matatu ya Matuu, asingekuwa na swali la kuuliza.

Wanaoutetea mkato husema redio haiwezi kusubiri dakika tano. Sawa, haiwezi. Lakini rudini mwaka 1972. Prodyuza Norman Whitfield alipowarekodia The Temptations "Papa Was a Rollin' Stone", toleo la albamu lilikuwa la karibu dakika kumi na mbili, na karibu nne kati ya hizo zilipita kabla mtu hajaimba: besi inarudia maneno yaleyale, tarumbeta inalia, violini zinapita juu. Wakati wa kutengeneza singo ukafika. Whitfield aliupunguza wimbo hadi dakika saba hivi, lakini ndani ya hizo saba akabakiza karibu mbili za mwanzo usio na uimbaji. Redio za Marekani zikasubiri dakika mbili. Wimbo ukafika namba moja. Whitfield alielewa kwamba ukipunguza utangulizi, unaupunguza kwa kipimo kilekile unachopunguzia wimbo, ili uwiano ubaki. Kwa Kiwanuka sekunde arobaini tu za lile gitaa zingetosha, zile za mwisho kabla vyombo havijaondoka, na bado singo isingefika dakika tano.

Na wala hatuhitaji kwenda Detroit kwa The Temptations kutafuta mfano. Sisi wa Ukambani tulilitatua jambo hili zamani, kwa santuri za 45. Upande mmoja wa santuri ile kwa kawaida haukubeba zaidi ya dakika nne au tano hivi, na benga halitoshi humo. Kwa hiyo Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kama wenzao wa zama zile, waliupasua wimbo mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kisa kinaelezwa upande wa kwanza. Unageuza, na upande wa pili gitaa la solo linaachiwa njia, besi inasukuma, watu wanacheza. Aliyenunua santuri alinunua vyote viwili. Polydor, kampuni ya Kiwanuka, wangeweza kufanya vivyo hivyo mwaka 2016, maana wimbo wake una kiungo kilicho wazi mahali ambapo gitaa linakoma na sauti inaanza. Sehemu ya kwanza gitaa, sehemu ya pili sauti, zote mbili zikatoka siku moja kwa jina moja. Kakai alifariki mwaka 1987, mwaka uleule Kiwanuka aliozaliwa, na maarifa hayo aliyaacha yakiwa yamekamilika.

Najua pia nani alianza kutuharibia masikio. Ni madijei na watangazaji waliozoea kupiga upande wa kwanza peke yake na kufifisha wimbo pale tu solo inapopanda, ili watume salamu. Wengine walifanya hivyo hata kwa Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, kundi ambalo magitaa yake ndiyo sababu ya kulisikiliza. Nimehudhuria harusi ambapo wimbo ulikatwa wazee wakiwa ndio kwanza wamesimama kucheza. Vizazi viwili vimefundishwa kwamba muziki ni maneno, na gitaa ni kitambaa cha meza. Basi wakiletewa "Cold Little Heart" isiyo na mwanzo, hawaoni pengo.

Albamu nyingine za Kiwanuka hazinipi kazi kubwa. Home Again ya 2012, iliyotengenezwa na Paul Butler katika kisiwa cha Wight, ni safi na ya adabu, ina Bill Withers mwingi ndani yake. Ilitoka baada ya BBC kumchagua kuwa sauti ya mwaka huo. Love & Hate yenyewe, mikononi mwa maprodyuza Danger Mouse, Inflo na Butler, ilishika namba moja Uingereza, na makofi ya "Black Man in a White World" yamepangwa vizuri kuliko ngoma za wengi. Kiwanuka ya 2019 ndiyo kazi yake bora kwa jumla, na Tuzo ya Mercury ya 2020 ilimstahili.

Ukiacha mkato, kitu kimoja tu kinanikera miaka yote, na si kosa la kiufundi. Katika albamu nne sijasikia ngoma hata moja ya Buganda. Amezaliwa Muswell Hill, sitamdai asichokulia. Lakini Geoffrey Oryema, Mganda mwingine aliyetokana na uhamisho wa enzi hiyohiyo ya Idi Amin, baba yake akiwa waziri aliyeuawa mwaka 1977, aliingia studio na Brian Eno na kutoa Exile mwaka 1990 akiimba Kiacholi na Kiswahili, ala za nanga na lukeme mkononi, na Ulaya ikamsikiliza bila kuomba tafsiri. Kwangu Oryema bado yuko mbele.

Turudi kwenye mkato, kwa sababu alama yake inaonekana katika kazi za Kiwanuka zilizofuata. Ile albamu ya 2019 iliundwa kama mkondo mmoja. Nyimbo zinaingiana, vipande vifupi vinaziunganisha, na anayesikiliza kwa mpangilio anapata kitu kimoja cha kama dakika hamsini. Lakini angalieni "Piano Joint". Utangulizi wake umetengwa, umepewa namba yake kwenye orodha, na wimbo wenyewe unafuata kama kitu kingine. Safari hii hakuna haja ya wembe. Redio inachukua namba ya pili na kuiacha ya kwanza, na kwenye simu ni kidole kimoja tu. Naamini aliyepanga orodha ile alikuwa amejifunza yaliyoipata "Cold Little Heart" akaamua kukata mwenyewe kabla hajakatiwa. Kwa maoni yangu hilo ni kusalimu amri, ingawa nalielewa.

Halafu mwaka 2024 ikaja Small Changes, tulivu kuliko zote, akiwa tena na Danger Mouse na Inflo, huku Pino Palladino akipiga besi katika baadhi ya nyimbo. Katikati yake kuna "Lowdown", na imetolewa vipande viwili vyenye namba: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Ya kwanza inaimbwa. Ya pili imeachiwa magitaa, yananyooka taratibu yakienda yanakotaka. Ndiyo santuri ya 45 yenyewe, kisa upande huu na solo upande ule, na mpangilio huo aliuhitaji tangu 2016. Sehemu ya kwanza nimeisikia redioni. Ya pili, mpaka leo, naisikia nikiiweka mwenyewe.