Bawaba, Bolti na Njia Nyeupe

Kamera niliyotumia kupiga picha za nyota ni Canon PowerShot A590 IS ya mtumba, ile inayokula betri mbili za saizi ya tochi ndogo. Lenzi yake ikifunguka kote, tundu lina upana wa milimita 2.2 tu. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, maana yake jicho lako linapokea mwanga mara kumi zaidi. Ila jicho halina akiba. Linachopokea linakitumia papo hapo. Kihisi cha kamera ni kibubu. Kazi yote niliyoifanya usiku wa Juni kando ya barabara ya vumbi karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kibondo, nje yake kwa kuwa sikuwa na kibali cha kuingia, ilikuwa kukipa kibubu hicho muda wa kujaa.

Kiwandani kamera hii imefungwa isizidi sekunde 15 kwa picha moja. CHDK, programu huria inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kuibadili programu ya kiwanda, inafungua kufuli hilo na kutoa picha ghafi za DNG. Pia inazima tabia moja ya kuudhi: baada ya kila picha ndefu, kamera hupiga nyingine ya giza ili kusafisha chengachenga, na hivyo kula muda na betri maradufu. Mimi picha za giza nilizipiga mwishoni, kumi tu, lenzi ikiwa imefunikwa kitambaa cheusi, zikatumika kwa zote.

Tatizo ni kwamba dunia haisimami. Kwa lenzi hii pikseli moja inafunika kama sehemu 1 ya 58 ya nyuzi, na nyota zipitazo utosini huvuka kipande hicho kila baada ya sekunde nne hivi. Ukiiacha kamera wazi dakika nzima unavuna vistari.

Dawa yake ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kamera ikikaa juu ya ubao unaofunguka polepole kuifuata anga. Maelekezo mengi ya kifaa hiki yameandikwa na watu wa kaskazini: lenga bawaba kwenye Nyota ya Kaskazini. Kibondo iko takriban nyuzi 3.6 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini ya anga imelala chini karibu na miti, tena haina nyota angavu ya kuitambulisha. Nilidhani hiyo ni hasara, kumbe ni nafuu. Bawaba inalala karibu bapa kabisa: kwa ubao wa sentimita 40, unainua upande wa kusini sentimita 2.5, na pima maji ya seremala inamaliza kazi.

Kusini kwenyewe kulipatikana mchana, kwa kijiti na kivuli. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kifupi kuliko vyote kinaelekea kusini barabara. Usikisubiri saa sita, lakini. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya 45 na Kibondo iko karibu na 30.7, hivyo jua linafika juu kabisa yapata saa saba kasoro dakika tatu.

Ubao unafunguliwa na bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, inayopanda milimita moja kwa kila mzunguko. Anga humaliza mzunguko wake kwa dakika 1,436. Gawa kwa mara mbili ya pai, upate 228.5: hizo ndizo milimita kutoka kwenye bawaba hadi kwenye bolti, ukitaka kuizungusha mara moja kwa dakika. Bawaba inakaa magharibi, bolti mashariki. Niliizungusha kwa vidole, macho yakiwa kwenye mshale wa sekunde.

Je, nikikosea kusini kwa nyuzi 5 nzima? Katika hali mbaya kabisa, nyota itateleza pikseli moja na robo kwa dakika. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye kamera kubwa yenye pikseli za maikromita 4, kosa hilohilo lingekuwa pikseli 19. Ufupi wa lenzi, ambao wauza kamera wanauita udhaifu, ndio ulioniokoa.

Picha 30 za dakika moja moja ziliingia Siril, programu ya kuunganisha picha za nyota. Inatoa giza, inazipanga nyota ziangukiane, kisha inachukua wastani. Chengachenga hupungua mara tano na nusu, ambayo ni kipeuo cha pili cha 30. Setilaiti iliyokatiza picha moja hupigiwa kura na zile 29 na kutupwa nje. Diski ilimeza karibu GB 3 kabla hata ya kupanga.

Kundinyota la Nge lilijitokeza wazi, na mistari myeusi ya vumbi ikaonekana ikipasua Njia Nyeupe upande wa Mshale. Chini, mita chache juu ya miti, kuna ukungu wa rangi ya kutu ambao Siril imeshindwa kuusawazisha. Ni moshi wa nyasi zilizochomwa.