Sharti Lililodondoka Njiani: Uhakiki wa Miongozo ya Vitamini na Madini kwa Wahudumu wa Afya wa Kismayu na Visiwa vya Wabajuni

Utangulizi

Makala haya yanahakiki miongozo inayomwelekeza mhudumu wa afya ni nani apewe vitamini na madini ya nyongeza, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Tunaisoma kama matini. Mwongozo wa tiba una msemaji na msikilizaji, una sarufi yake, na mara nyingi kosa linalomfikia mgonjwa huwa limeanzia katika sarufi hiyo. Dai letu ni moja. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu virutubishi imeandikwa kwa sentensi zenye masharti: iwapo kiwango fulani kimefikiwa, pale ambapo huduma fulani zipo, isipokuwa kwa kundi fulani. Sentensi hizo zinaposhuka kutoka Geneva hadi wizarani, kutoka wizarani hadi kwenye semina ya siku mbili, na kutoka semina hadi karatasi iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, kishazi cha sharti hudondoka na amri hubaki peke yake. Katika pwani inayoanzia Kismayu hadi Ras Kiamboni, pamoja na visiwa vya Koyama, Chovai, Chula na jirani zao, kishazi kilichodondoka ndicho chenye uzito.

Pale amri fupi inapotosha

Haki inatutaka tuanze na mfano ambapo ufupi unafaa. Kwa mujibu wa mwongozo wa 2011, mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000 za vitamini A mara moja, na wa miezi 12 hadi 59 hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6. Sharti lake ni kwamba upungufu uwe tatizo la afya ya jamii, jambo ambalo hupimwa, pamoja na vigezo vingine, kwa kuangalia kama watoto asilimia 20 au zaidi wana retinoli haba katika damu. Utafiti wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa Somalia mwaka 2019 uliwakuta karibu theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na upungufu huo. Sharti limetimia. Mhudumu anayetoa kidonge cha bluu kwa mdogo na chekundu kwa mkubwa hana sababu ya kusita.

Lakini hata hapa kuna mabaki. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anayelishwa chakula dawa kilichotengenezwa kwa viwango vya Shirika tayari anapata vitamini A kila siku humo humo, na mwongozo wa 2013 unasema hahitaji dozi kubwa juu yake. Mama aliyejifungua naye, ambaye zamani alipewa dozi kubwa kabla ya kuondoka wodini, hapendekezwi tena tangu 2011. Mkunga aliyesomea kazi kabla ya mwaka huo huenda alifundishwa kinyume, na hakuna karatasi ya ukutani inayomwambia kwamba jambo limebadilika. Karatasi husema la kufanya, haisemi lililoachwa.

Tuseme pia, kwa kupita, kwamba watu wa pwani hii wameishi na vitamini A kwa karne nyingi bila kuiita hivyo. Mafuta ya ini la papa, yale yanayoitwa sifa, yamejaa vitamini hiyo, na yalitumika kupaka vyombo ili mbao zisiliwe na maji ya bahari. Hatupendekezi mtu ayanywe. Kiasi chake hakipimiki nyumbani, na vitamini A ikipita kiasi katika miezi ya kwanza ya mimba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tunaitaja sifa kwa sababu hakuna mwongozo tuliousoma unaomwonya mhudumu wa jamii ya wavuvi kuhusu maini na mafuta yake, ilhali yote inarudia nasaha kuhusu karoti.

Madini chuma na homa: somo la Pemba

Suala la madini chuma ni zito zaidi, na ushahidi wake ulipatikana katika pwani hii hii ya Waswahili. Utafiti uliofanywa kisiwani Pemba na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 uliwahusisha watoto 24,076 wa mwezi 1 hadi 35. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 12.5 za madini chuma pamoja na asidi ya foliki, wakiwemo waliopewa na zinki juu yake. Mnamo 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa hatari ya watoto hao kufa au kulazwa hospitalini ilikuwa kubwa kwa asilimia 12 kuliko ya wenzao. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, mwaka mzima.

Matokeo hayo yalisomwa vibaya kwa namna mbili. Wako waliosema chuma ni sumu kwa mtoto wa nchi yenye malaria, wakaiondoa kabisa. Wako waliosema Pemba ni Pemba, wakaendelea kama kawaida. Wote wawili waliruka sehemu ya pili ya utafiti wenyewe: katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo malaria ilipimwa na kutibiwa, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Tofauti ilikuwa katika hali ya mtoto aliyepewa kidonge na huduma iliyokizunguka. Mwongozo wa 2016 ulilichukua somo hilo ipasavyo. Unapendekeza miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, kwa miezi mitatu mfululizo kila mwaka, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, pale ambapo upungufu wa damu umefika asilimia 40 au zaidi. Na katika maeneo ya malaria, chuma kiandamane na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu.

Sasa tuiangalie Kismayu. Utafiti wa 2019 ulikuta upungufu wa damu kwa zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Nusu ya kwanza ya sentensi imetimia, na nusu hiyo ndiyo inayosomwa. Bonde la Juba, ambalo mto wake unaingia baharini karibu na mji, lina malaria kuliko kaskazini ya nchi. Katika kituo chenye kipimo cha haraka cha malaria, dawa zake na vyandarua, chuma ni haki ya mtoto. Katika kituo ambacho vipimo vimekwisha na boti ya shehena haijulikani itafika lini, amri ile ile inabadilika maana. Swali la kisera ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: je, vidonge vya chuma vipelekwe kisiwani peke yake, au visiondoke ghalani bila vipimo vya malaria katika sanduku moja? Sisi tunasema sanduku moja. Kwa mjamzito hali ni nyingine, kwani chuma cha kila siku, miligramu 30 hadi 60, pamoja na asidi ya foliki ni sehemu ya huduma yake ya msingi, na kuchelewa kwa vipimo hakupaswi kuwa kisingizio cha kumnyima.

Maji ya kisima

Hoja nzito kuliko zote inahusu madini joto, na hapa miongozo inapingana na nchi yenyewe. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja lililopanga nchi kwa kigezo cha chumvi. Pale ambapo kaya zinazopata chumvi yenye madini joto hazifiki asilimia 20, serikali ifikirie kuwapa wajawazito na wanaonyonyesha madini joto ya nyongeza: mikrogramu 250 kila siku, au mafuta yenye miligramu 400 mara moja kwa mwaka. Mantiki yake ni nyoofu. Nchi isiyo na chumvi hiyo hudhaniwa ina upungufu.

Somalia inavunja dhana hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2009, ambao matokeo yake kuhusu madini joto yalichapishwa 2014, ulikuta kaya zenye chumvi ya aina hiyo hazifiki moja katika kumi. Kwa kigezo cha 2007, wanawake wa Somalia wangestahili nyongeza mara moja. Lakini mkojo wao ulisema vingine. Kwa wanawake na kwa watoto wa umri wa shule, kipimo cha kati kilipita mikrogramu 300 kwa lita, kiwango ambacho Shirika lenyewe linakiita cha kupindukia. Chanzo kilihusishwa na maji ya kunywa. Wanaotumia visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine walikuwa na viwango vya juu zaidi. Yaani madini joto ambayo nchi nyingine huyatia katika chumvi, hapa yamo ardhini. Yakizidi kwa muda mrefu, tezi ya shingo inaweza kuharibika kama inavyoharibika yakipungua, na rovu linaweza kutokea katika hali zote mbili. Mhudumu anayeona rovu na kukumbuka somo la darasani atatoa dawa ya upungufu kwa mtu aliyezidishiwa.

Wenyeji husimulia kwamba jina la Kismayu latokana na Kisima Yuu, kisima cha juu. Iwe asili hiyo ni ya kweli au ni hadithi, mji huu umekuwa ukijitambulisha kwa maji yake, na mwongozo wa lishe hauulizi juu yake. Visiwani mambo ni tofauti tena. Mwamba wa matumbawe hutoa visima vifupi vya maji ya chumvichumvi, na watu hutegemea mvua iliyohifadhiwa, kama ilivyo kwa jabia za Faza na Ndau upande wa Kenya. Maji ya mvua hayana madini joto ya kutajika. Wakazi hao hula samaki wa bahari, ambao wanayo. Kwa hiyo hatuwezi kuyachukua matokeo ya visima virefu vya bara na kuwavika Wabajuni wa Chula, wala kinyume chake. Tena wengi wao walikimbilia Kenya baada ya 1991, kisha baadhi wakarejea. Mama mmoja huenda amekunywa maji ya Mombasa, ya Kismayu na ya kisiwani kabla ya mimba yake ya tatu.

Suala hili lingebaki la wataalamu wachache kama si mabadiliko yanayokuja. Nchi nyingi zinaondoka kwenye kidonge cha chuma na asidi ya foliki na kuhamia kidonge kimoja chenye virutubishi 15, ambacho Shirika liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kina faida za kweli, hasa katika kupunguza idadi ya watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, na hatuna nia ya kukipinga. Lakini ndani yake mna mikrogramu 150 za madini joto kila siku, na kikomo kinachoshauriwa kwa mjamzito ni mikrogramu 500 kutoka vyanzo vyote. Kwa mama anayekunywa maji ya mvua kisiwani, nyongeza hiyo huenda ni rehema. Kwa mama wa kando ya kisima kirefu, inaongezwa juu ya kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Kidonge ni kile kile, na mwongozo ni ule ule.

Lugha ya zahanati

Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 inakitaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa ya pili. Kibajuni, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa visiwani, hakina nafasi katika mfumo huo. Basi mwongozo huandikwa kwa Kiingereza, huelezwa kwa Kisomali, na humfikia mama kwa Kibajuni cha mdomo, iwapo mhudumu anakijua. Kila kivuko hutoza ushuru wake, na kinachotolewa kwanza ni kishazi cha sharti.

Msamiati wa pwani nao una mitego na hazina. Chuma huitwa dawa ya kuongeza damu. Nani asiyetaka kuongezewa damu? Jina hilo limefuta swali la nani anaihitaji, na humfanya jirani agawe vidonge vyake kwa watoto wa mtaa kwa nia njema kabisa. Upande wa pili lipo neno safura, ambalo kamusi zetu zinalihusisha kwa pamoja na minyoo na kupungukiwa damu. Neno hilo moja linabeba kile ambacho mwongozo unakigawa katika kurasa mbili: kwamba panapokuwa na minyoo, chuma bila dawa ya minyoo ni kujaza mtungi uliotoboka. Watafsiri wa miongozo wamelipuuza kwa sababu linanuka ukale. Sisi tunaliona kuwa istilahi bora kuliko nyingi zilizobuniwa mezani.

Mwongozo wa pwani hii hauhitaji kuwa mrefu. Unahitaji sentensi zenye swali kabla ya amri: Muulize mama maji anayokunywa yanatoka wapi, kisha umpe kidonge. Mpime mtoto malaria iwapo ana homa, umtibu, kisha uanze chuma. Tazama kadi uone kama anakula chakula dawa, kisha uamue kuhusu vitamini A. Wapo watakaosema masharti yatamchanganya mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Mhudumu huyo huyo huwauliza wanawake tarehe ya hedhi ya mwisho na kuhesabu wiki za mimba kwa vidole. Swali la kisima halimshindi. Lililokosekana ni jibu la kuyalinganisha majibu yake, yaani orodha ya visima na kiasi cha madini joto kilichomo.

Orodha hiyo inawezekana. Kuchukua sampuli za maji Koyama, Chovai na Chula, pamoja na visima virefu vinavyolisha Kismayu, ni kazi isiyo kubwa, ikifanywa wakati wa kaskazi bahari ikiwa imetulia. Ifanywe kabla shehena ya kwanza ya vidonge vipya haijashushwa bandarini.