Meli Zilizopita Nakuru

Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kuiona bahari yenyewe, una safari ya usiku kucha hadi Mombasa, na ziwa letu, pamoja na heroe wake wote, halina njia ya kupitisha merikebu. Hata hivyo meli zimepita hapa. Zimeingia stesheni, zikaziacha Njoro na Molo nyuma, zikapanda hadi Mau Summit ambako reli inazidi mita 2,500, kisha zikateremka Londiani na Muhoroni mpaka Kisumu. Zilipita zikiwa vipande: bamba za chuma, mataruma, boila, rafadha, kila kimoja na namba yake, juu ya mabehewa ya wazi ya reli yenye upana wa mita moja.

Hilo hunijia akilini kila ninaposoma habari za wapenzi wa meli. Wapo duniani kote watu ambao raha yao ni kungoja meli iundwe. Si lazima wawe na nauli ya kuipanda. Wanachotaka ni kuiona tena meli ya abiria ya mtindo wa zamani, yenye omo refu lililochongoka na dohani zilizoinama kidogo kuelekea shetri, ikiundwa katika zama hizi za ndege. Tajiri wa Australia, Clive Palmer, aliwatia moyo mwaka 2012 alipotangaza kwamba ataunda Titanic II. Akatangaza tena mwaka 2018, na mara nyingine mwaka 2024. Wakati huohuo SS United States, iliyovunja rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki mwaka 1952, ilivutwa kutoka Philadelphia Februari 2025 ili ikazamishwe katika maji ya Florida iwe makao ya samaki. Kwa hiyo wanaahidiwa ambayo haijaundwa, na wanazikiwa iliyokwisha kuundwa.

Asiyewaelewa huwacheka. Bandari zimejaa meli kubwa za watalii, husema, wanalilia nini? Lakini wao wanajua tofauti. Meli ya utalii ni kama gari la kukodi linalowapeleka watu mbugani Jumapili: mvua ikinyesha, dereva hugeuza. Meli wanayoitaka wao ni basi la usiku, lenye saa ya kuondoka na saa ya kufika, mvua iwepo isiwepo. Kazi hiyo ndiyo inayoamua umbo lake. Bamba zake huwa nene zaidi, omo hurefushwa ili lipasue mawimbi, mwili huzama ndani zaidi majini, na mitambo huwa na nguvu ya akiba ya kufidia saa zilizopotea katika dhoruba. Uzuri unaowavuta wapenzi umetokana na ratiba.

Tukikubaliana hivyo, basi Afrika Mashariki nayo imekuwa na meli za aina hii, ila zake zilielea kwenye maji baridi. Meli za Ziwa Victoria zilifuata ratiba. Zilibeba barua, abiria na mizigo kuzunguka ziwa, na saa zao zilipangwa zikutane na garimoshi la Kisumu, lililokuwa limepita kwetu Nakuru. MV Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961 iliitwa RMS, herufi ambazo Waingereza waliipa meli yenye dhamana ya kubeba barua za posta ya serikali yao, zilezile zilizotangulia jina la Titanic.

Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni ule wa kuunda meli mara mbili. Ziwa halina mlango wa kuingilia kutoka baharini. Meli ya SS William Mackinnon, ya kwanza ya mvuke kuundwa Kisumu, ilishuliwa mwaka 1900, kabla reli haijafika ziwani. Sehemu zake zilimaliza safari kwa nguvu za wapagazi. Reli ilipofika mwishoni mwa 1901, kazi ikapanuka. Kiwanda cha Bow, McLachlan kilichokuwa Paisley, Scotland, kiliunda SS Winifred, kisha Sybil, na nyingine zikafuata. Huko Paisley mafundi walilaza mkuku, wakasimamisha mataruma, wakazifunga bamba kwa boliti za muda tu, wakakagua kama kila tundu limelingana na mwenzake. Walipojiridhisha waliiandika namba kila sehemu, wakaifungua meli yote, wakaipakia.

Hebu fikiria ugumu wa kazi hiyo. Mchoraji aliyeketi Scotland alipaswa kufikiria mawimbi ya ziwa ambalo huenda hajawahi kuliona, na papo hapo afikirie kona za reli ukingoni mwa Bonde la Ufa. Bamba likizidi urefu, behewa halilibebi. Boila likizidi uzito, daraja halilistahimili. Meli ilikatwa kwa kipimo cha reli kabla ya kukatwa kwa kipimo cha maji. Kipande kimoja kikipotea kati ya Mombasa na Kisumu, kazi husimama miezi mingi mpaka kingine kije kwa njia ileile.

Kule Kisumu ndipo meli ilipoundwa mara ya pili, safari hii kwa ribiti. Mmoja aliipasha ribiti motoni mpaka ikawa nyekundu, akamrushia mwenzake kwa koleo, naye akaidaka kwa ndoo na kuipenyeza tunduni. Wa tatu aliikandamiza kwa nyundo nzito upande wa ndani. Wawili walioko nje wakaigonga kwa zamu, haraka, kabla haijapoa. Chuma kikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huko ribiti huzivuta bamba mbili zikabanana kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuzibana. Rudia hilo mara elfu na elfu, ndiyo meli. Akichelewa mmoja, ribiti imeharibika. Akizembea mmoja, bamba litavuja.

Wajerumani walifanya vivyo hivyo upande wa Ziwa Tanganyika. Meli tunayoiita leo Liemba iliundwa kwenye kiwanda cha Meyer kule Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ilishuliwa Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipokuwa wakikimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Maofisa waliagiza meli iangamie. Fundi alitii amri bila kuisaliti kazi yake.

Nasifu mikono, sisifu utawala. Meli hizo zilikuja kubeba pamba ya mkoloni, na vita vilipozuka zilibeba askari wake. Daraja la kwanza halikujengwa kwa ajili ya Mwafrika. Hata heshima ya kazi iligawanywa kwa upendeleo: mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wanatajwa katika historia za Liemba, ilhali Waafrika na Wahindi waliofanya nao kazi mara nyingi hutajwa kwa jumla tu. Lakini ribiti haikujua rangi ya aliyeigonga. Ilishika au haikushika.

MV Victoria ilikuja kwa njia hiyohiyo. Yarrow wa Glasgow waliiunda mwaka 1959, wakaifungua, ikapanda reli na kuunganishwa Kisumu. Katikati ya miaka ya 1960 zikafuata Umoja na Uhuru, zilizoundwa kubeba mabehewa ya garimoshi yenyewe, kana kwamba reli iliyobeba meli kwa miaka yote hiyo ilikuwa sasa inalipwa fadhila. Uhuru ilipokamilika mwaka 1966, Kisumu palikuwa na watu waliojua kuupokea mwili wa meli ukiwa vipande na kuutoa ukielea.

Baada ya hapo pakawa kimya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa, Victoria na Umoja zikaenda Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Reli ikachakaa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu, msiba ambao hadi leo kando ya ziwa hutajwa kwa sauti ya chini. Hapa Nakuru injini za mvuke za Garratt, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kuvuta mizigo hadi Mau Summit, zilikwisha kazi kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. Kiwanda chao kule Gorton kilikuwa kimefungwa tangu 1966.

Wapenzi wa meli wakumbuke kwamba adui wa ufundi ni mwanya kati ya agizo moja na jingine. Queen Elizabeth 2 iliundwa Clydebank, Scotland, ikaanza safari mwaka 1969. Kampuni ya Cunard ilipotaka meli nyingine ya aina hiyo mwaka 2000, Clydebank palikuwa hapaundwi meli tena. Kazi ikaenda Saint-Nazaire, Ufaransa, kwa kuwa pale mafundi hawakuwahi kutawanyika: kiwanda kilichounda Normandie na France kilikuwa kimeendelea kuunda meli za aina nyingine. Queen Mary 2 ikakamilika, mita 345, ikaanza safari Januari 2004. Aliyeichora ni Stephen Payne, ambaye akiwa mtoto aliandikia kipindi cha televisheni cha watoto cha Uingereza kupinga maneno yao kwamba meli kama Queen Elizabeth haitaundwa tena. Shauku ya mtoto ilizaa mchoro. Lakini shauku peke yake haichomelei chuma. Bila mafundi wa Saint-Nazaire, mchoro ungebaki ukutani.

Sasa tuangalie kwetu. Februari 2023 meli ya MV Mwanza, iliyojulikana kwa jina la Hapa Kazi Tu, ilishuliwa Mwanza. Ina urefu wa mita 92.6, nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Iliundwa na Watanzania pamoja na wataalamu wa Korea Kusini. Mwaka huohuo Kisumu ikaizindua MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100 hivi na uwezo wa kubeba mabehewa 22, kazi ya kampuni ya serikali ya Kenya Shipyards ikishirikiana na Damen ya Uholanzi. Kati ya Uhuru ya kwanza na ya pili imepita miaka 57. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 20 kwenye ile ya kwanza alikuwa na 77 wakati wa hii. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake nyundo; ilibidi ufundi uagizwe upya kutoka nje pamoja na vifaa.

Ribiti zimepitwa na wakati, na hilo si la kulilia. Uchomeleaji ni ufundi kamili. Moto ukizidi, bamba hujikunja; ukipungua, mshono huonekana mzima kwa nje kumbe ndani una tundu. Mchomeleaji mzuri husikia kosa kabla hajaliona, kwa sauti ya cheche. Vijana wa kazi hii hawakosekani Nakuru. Wamo katika Rift Valley National Polytechnic, na wamo zaidi katika karakana za jua kali, wakiunda mageti, matangi ya maji na mabodi ya malori. Garimoshi la abiria la Nairobi hadi Kisumu lilirejea Desemba 2021, likapita hapahapa. Njia iliyobeba bamba za Winifred inaweza kuwabeba vijana hao mpaka kwenye gudi la Kisumu.

Uhuru II imetoka na mafundi wake wangali vijana. Wakikaa miaka mitano bila agizo, mmoja atakwenda Qatar, mwingine atafungua duka la vyuma, wa tatu atakuwa amesahau vipimo. Meli moja ni mazoezi. Ya pili ndiyo huonyesha kama mazoezi yaliingia, na ya tatu hufundisha wanafunzi wapya. Serikali zetu tatu za ziwani zimezoea kukata utepe kisha zikapumzika kizazi kizima, na kizazi kizima ndicho muda ambao ufundi huhitaji ili ufe.

Kwa hiyo, ndugu mpenzi wa meli, endelea kuota Titanic mpya ukitaka, hakuna atakayekudai kodi. Lakini ukikutana na mbunge wako au waziri wa uchukuzi, usimuulize Uhuru II iligharimu kiasi gani. Muulize Uhuru III imeagizwa lini.