Kutambua Ukarabati Bora wa Bodi ya Faiba kwenye Magari-nyumba ya Zamani

Bodi ya faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, kisha resini hiyo ikaganda. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu. Resini huzishika pamoja, huzikinga na maji na kuhamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Nyuzi zikikatika, hakuna puti wala rangi inayoweza kushika nafasi yake. Kinachoweza ni nyuzi mpya zilizolazwa juu ya zile za zamani kwa eneo la kutosha, zikagandana nazo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya bodi iliyokarabatiwa ni kama kiraka kimerudisha nguvu kutoka upande mmoja wa jeraha hadi wa pili, au kimeziba tundu tu. Rangi haijibu swali hilo. Vinavyolijibu ni upande wa nyuma wa paneli, kingo za kiraka na sauti yake kinapogongwa.

Magari-nyumba ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yanafaa sana kwa somo hili. Travco, lililotoka Brown City, Michigan, na kujengwa juu ya chesisi ya Dodge, lilikuwa na ganda la faiba. GMC MotorHome, lililoundwa Pontiac, Michigan, kwa miaka ya modeli 1973 hadi 1978 na kuuzwa kwa urefu wa futi 23 na futi 26, lilichanganya vitu viwili: mifupa na mabati ya juu ya alumini, pamoja na paneli za faiba sehemu za chini, mbele na nyuma. Fundi wa boti za faiba wa Mombasa au Dar es Salaam angeitambua kazi hii mara moja, maana nyuzi na resini ni zile zile. Tofauti iko kwenye mzigo. Ganda la gari husokotwa na barabara muda wote wa safari, na msokoto huo hukusanyika kwenye pembe za madirisha, milango na matao ya magurudumu.

Aina ya faiba

Kazi nzuri huanza kwa kujua faiba yenyewe ilitengenezwaje. Faiba ya kulazwa kwa mkono hutumia kalibu ya upande mmoja. Sura yake ya nje ni laini na ina ngozi ya jelikoti, lakini nyuma ni ya kukwaruza na mistari ya nyuzi huonekana wazi. Faiba ya kushindiliwa hutengenezwa kwa mchanganyiko wa resini, unga wa chokaa na nyuzi fupi, unaobanwa kati ya kalibu mbili za chuma zenye moto. Hii huwa laini pande zote mbili, unene wake ni sawasawa, na mara nyingi huwa na mbavu za kuimarisha upande wa nyuma. Kwa kawaida haina jelikoti. Hupakwa rangi moja kwa moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua resini ya kutumia. Resini ya poliesta hushika vizuri kiasi kwenye faiba ya mkono iliyosuguliwa ipasavyo, ingawa epoksi hushika zaidi. Kwenye faiba ya kushindiliwa, poliesta ya kawaida hushika kwa shida, kwa sababu ndani ya paneli mna dawa ya kuizuia isigande kwenye kalibu, na dawa hiyo haiondoki kwa kufuta uso. Hapo inahitajika epoksi, au gundi iliyotengenezwa mahsusi kwa faiba ya aina hiyo.

Kosa la resini huonekana wazi kiraka cha zamani kinapobanduliwa. Patasi nyembamba ikiingizwa chini ya ukingo, kiraka kibaya hunyanyuka kipande kizima kama gamba, na chini yake hubaki uso safi wenye mikwaruzo ya msasa tu. Kiraka kilichoshika sawasawa hakikubali kutoka hivyo. Hukatika vipande vipande, na kila kipande hung'oa nyuzi za paneli ya asili.

Kusoma jeraha

Nyufa za faiba zina lugha yake. Nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka nukta moja mithili ya nyota ni alama ya pigo, na mara nyingi ziko kwenye jelikoti peke yake. Nyufa zinazoenda sambamba huonyesha paneli inayokunjwa kunjwa. Ufa mmoja unaoanzia pembe ya dirisha au tundu la skrubu huonyesha mzigo uliokusanyika mahali pamoja. Tao la gurudumu lililovunjika na kuchanika nyuzi kwa kawaida limepigwa na tairi lililopasuka gari likiwa mwendoni.

Fundi makini hutafuta chanzo kabla ya kugusa ufa. Kama kishikilio cha paneli kimelegea au fremu iliyo nyuma yake imeoza, ufa utarudi hata kiraka kiwe imara namna gani, na mara nyingi utarudi pembeni mwa kiraka. Ukarabati uliorudisha sura bila kugusa chanzo ni wa muda, na anayeukagua hana budi kuuhesabu hivyo.

Kina cha jeraha nacho hakionekani kwa nje. Faiba nzima, ikisagwa, huonyesha mwili ulioshikana wenye rangi moja. Faiba iliyoumia ina weupe wa unga mahali ambapo nyuzi zimeachana na resini, na weupe huo unaweza kuenea sentimita kadhaa kupita mwisho wa ufa. Kusaga huendelea hadi weupe wote uishe. Kiraka kilichowekwa juu ya weupe kimejengwa juu ya kitu kilichokwisha kufa.

Maandalizi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ndipo ubora halisi ulipo. Hatua ya kwanza ni kuosha na kuondoa nta, grisi na silikoni kabla ya msasa kugusa bodi. Mpangilio huu una sababu: msasa ukipita juu ya nta huisukumia ndani ya mikwaruzo, na asitoni ya baadaye haiifikii yote.

Hatua ya pili ni kukata mteremko. Kingo za jeraha husagwa kwa mshazari mrefu ili tabaka mpya zilale juu ya za zamani hatua kwa hatua. Kipimo kinachokubalika kwa sehemu inayobeba mzigo ni 12 kwa 1: kila milimita moja ya unene hutaka milimita 12 za mteremko. Paneli yenye unene wa milimita 4 inahitaji mteremko wa milimita 48 kila upande wa ufa, kwa hiyo hata ufa mwembamba huzaa kiraka chenye upana wa karibu sentimita 10. Anayekagua picha za kazi akaona ufa uliochimbwa mfereji mwembamba na kujazwa, ajue kwamba nguvu haikurudishwa. Upana wa kiraka ni dalili njema.

Hatua ya tatu ni msasa mkali, wa namba 36 hadi 80, mpaka pasibaki doa linalong'aa. Kila mng'ao ni sehemu ambayo resini haitakuwa na pa kung'ang'ania. Mwisho, vumbi hupanguswa kwa kitambaa safi chenye asitoni, na kitambaa hubadilishwa mara kwa mara. Tambara moja chafu hurudisha uchafu uliokwisha kuondolewa.

Tabaka za kiraka

Kiraka bora hulazwa upande wa nyuma kila inapowezekana, na upande wa mbele hujazwa kidogo tu ili kurudisha sura. Pale nyuma pasipofikika, fundi hupitisha kipande chembamba cha faiba kupitia tundu, hukivuta kwa waya kigandane na upande wa ndani, kisha hujenga juu yake. Kujaza tundu kwa povu au magazeti na kupaka puti juu ni kuficha, hata kama uso utatoka kama kioo.

Kiasi cha dawa ya kugandisha hupimwa. Poliesta kwa kawaida hutaka asilimia 1 hadi 2, na fundi anaweza kuongeza au kupunguza ndani ya mipaka hiyo kulingana na joto la siku. Epoksi haikubali mabadiliko hayo. Uwiano wa mtengenezaji hufuatwa kwa mizani au pampu, kwa maana hadena (dawa ya kugandisha ya epoksi) iliyozidi haiharakishi kuganda. Hubaki ndani bila kazi na kuifanya resini kuwa laini daima.

Mkeka wa nyuzi huanza ukiwa mweupe, na resini inapoupenya hugeuka wa kupenyeza mwanga. Weupe unaobaki ni hewa au ukavu, na fundi huufuata kwa rola ya mbavu hadi utoke. Resini ikizidi nayo ni kasoro: dimbwi la resini lisilo na nyuzi ni gumu lakini huvunjika upesi. Kwa mkeka, uzito wa resini hukaribia mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa nyuzi. Kwa kitambaa kilichofumwa, hukaribia kulingana nao. Mikeka mingi imeshikwa kwa gundi inayotaka poliesta ili iyeyuke, ndiyo maana kazi ya epoksi hufanywa kwa kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa.

Tabaka nyingi nene zikiwekwa kwa mkupuo, resini huchemka kwa joto lake yenyewe, husinyaa na kuvuta paneli. Epoksi iliyoganda pia inaweza kutoa utando wa mafuta mafuta juu, ambao huoshwa kwa maji na kusuguliwa kabla ya tabaka inayofuata. Unene wa mwisho unapaswa kulingana na wa asili. Kiraka kinene kupita kiasi hakikunjiki pamoja na paneli. Msokoto husimama ukingoni mwake, na ufa mpya huzaliwa hapo.

Puti, jelikoti na rangi

Kazi ya puti ni kusawazisha, na milimita 2 hadi 3 zatosha. Puti ya kawaida ya poliesta hunyonya maji, na ikiwa nene hupasuka bodi inapotikisika. Hata puti yenye vipande vya nyuzi ndani haichukui nafasi ya tabaka za faiba. Mnunuzi aliyezoea magari ya chuma asitegemee sumaku kugundua puti, maana faiba yenyewe haivuti sumaku. Vipimo vya rangi vya magari ya chuma navyo havifai hapa.

Jelikoti ya poliesta huwa na unene wa takriban nusu milimita, na ikizidi sana hupasuka yenyewe. Kuipaka juu ya epoksi ni kubahatisha, kwani inaweza isigande au isishike. Kazi ya epoksi humaliziwa kwa praima ya epoksi na rangi ya mchanganyiko wa vitu viwili. Rangi nyeusi au ya giza hufyonza joto la jua kwa wingi, na joto hilo huchora alama za kitambaa na mipaka ya kiraka juu ya uso uliokuwa tambarare siku ya kukabidhiwa. Ndiyo maana kazi ya rangi ya giza hukaguliwa tena baada ya kukaa juani.

Kukagua kazi iliyokamilika

Ukaguzi huanza kwa mwanga unaokuja kwa pembeni, asubuhi au jioni, au kwa kuangalia taswira ya taa ndefu ikitembea juu ya bodi. Taswira iliyonyooka ikiyumba ghafla, pana puti au mpaka wa kiraka. Kiganja kilichofunikwa kitambaa chembamba huhisi mawimbi ambayo jicho limeyakosa.

Kisha hufuata kugonga kwa sarafu, hatua kwa hatua, kutoka sehemu nzima kuelekea kiraka. Faiba iliyoshikana hutoa sauti kali na fupi. Sauti nzito iliyofifia huashiria tabaka zilizoachana au puti nene. Ubavu au gundi ya fremu iliyo nyuma pia hubadilisha sauti, kwa hiyo mahali panapotiliwa shaka hulinganishwa na mahali kama hapo upande wa pili wa gari.

Kuganda kwa resini hupimwa kwa tone la asitoni upande wa nyuma usiopakwa rangi. Uso ulioganda hubaki mkavu na mgumu. Usioganda hulainika na kunata. Tabaka ya mwisho ya poliesta isiyo na nta hunata kwa sababu ya hewa hata kama chini imeganda, kwa hiyo hufutwa kwanza ndipo ipimwe. Harufu kali ya resini wiki kadhaa baada ya kazi ni onyo.

Upande wa nyuma hauonekani kirahisi kila mara. Kuta za GMC zilipuliziwa povu la kuzuia joto, na povu hilo huficha mengi. Mkaguzi hutumia nafasi zilizopo: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya kifuniko cha injini, nyuma ya makabati na chini ya sakafu. Pale pasipofikika, picha za hatua za kazi huwa na thamani kubwa, hasa ya mteremko uliosagwa kabla ya kufunikwa.

Kupanga daraja

Kazi ya daraja la juu imeondoa chanzo cha ufa, ina mteremko kamili, resini inayolingana na aina ya faiba, unene wa asili, puti kidogo, na nyuma safi ambayo fundi hakuona sababu ya kuificha. Kazi ya daraja la kati ina nguvu lakini sura yake ina dosari: wimbi dogo, alama za kitambaa, rangi isiyolingana. Hiyo yaweza kukubaliwa, kwa sababu uso hurekebishwa bila kugusa nyuzi. Kazi ya daraja la chini ina uso mzuri juu ya ufa usiosagwa, puti nene au kiraka kisichoshika. Gharama ya kuirekebisha ihesabiwe kama ya bodi iliyovunjika na zaidi kidogo, kwani kabla ya kuanza kazi halali, ile ya zamani italazimika kusagwa yote.