Adui wa Watu Ni Nani?

Ndugu msomaji, pengine utashangaa kuona kurasa hizi zikizungumza juu ya mchezo wa kuigiza wa mtu wa Norwe aliyezaliwa mwaka 1828. Usishangae. Mchezo huu ni habari ya mji mdogo wa pwani, maji ya mji huo, meya wake, gazeti lake na mkutano wa watu wake. Ukiiondoa baridi, yaliyobaki ni mambo unayoyajua wewe uliyekulia pwani. Huenda hata watu wenyewe ukawatambua, ukasema moyoni: huyu ni fulani wa mtaani kwetu.

Mtungaji ni Henrik Ibsen, naye mwenyewe alizaliwa katika mji wa bandari uitwao Skien. Mchezo wake, En folkefiende, yaani Adui wa Watu, ulichapishwa mwaka 1882 na ukachezwa jukwaani mara ya kwanza Januari 1883. Mwaka 1881 alikuwa ametoa mchezo mwengine, Gengangere, nao ukashambuliwa vikali na magazeti na wasomaji. Uchungu wa shambulio lile umeingia ndani ya huu wa pili. Likumbuke jambo hilo, kwani tutalirejea.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji umejenga majumba ya kuogea kwa ajili ya matibabu. Wageni wanakuja kila majira ya joto, nyumba zinapangishwa, maduka yanauza, na kila mtu anaona neema inakuja. Daktari wa majumba hayo, Thomas Stockmann, anaona wageni wanashikwa na homa ya matumbo. Anachota maji na kuyapeleka chuo kikuu yakapimwe. Jawabu linarudi kwamba maji yamejaa uchafu. Uchafu wenyewe unatoka katika viwanda vya ngozi vilivyoko juu ya mji, na kimoja katika hivyo ni cha mzee aliyemlea mkewe. Mabomba yalilazwa mahali pa chini mno, naye alilisema hilo tangu mwanzo asisikizwe. Basi anaandika ripoti yake kwa furaha, akidhani mji mzima utamshukuru.

Meya wa mji ni Peter, kaka yake daktari. Ndiye mkubwa wa polisi, na ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya majumba hayo. Yeye anapiga hesabu. Kuyahamisha mabomba kutagharimu kama laki mbili za krona, na majumba yatafungwa miaka miwili, na wageni watakwenda miji mingine. Anamtaka ndugu yake akanushe. Daktari anakataa. Wenye gazeti, ambao asubuhi walikuwa wakimsifu daktari, wanasikia kutoka kwa meya kwamba gharama zitatoka mifukoni mwa wenyeji, na hapo hapo wanageuka. Ripoti haichapishwi. Kinachochapishwa ni maelezo ya meya ya kuwatuliza watu.

Daktari anaitisha mkutano, na nahodha mmoja, Horster, anampa nyumba yake baada ya wengine wote kumnyima. Mkutano ukianza, meya anatoa hoja kwamba daktari asiruhusiwe kusoma ripoti yake. Hoja inapita. Daktari anapandwa na hasira, anaiacha habari ya maji na kuanza kuwatukana watu wenyewe. Anasema kwamba walio wengi ndio maadui wakubwa wa haki, anawalinganisha na mbwa wa mitaani, na anafika hata kusema kwamba mji unaoishi kwa uwongo ni bora uangamie. Kura inapigwa, naye anatangazwa adui wa watu. Asiyempinga ni mlevi mmoja tu. Siku ya pili madirisha yake yamevunjwa kwa mawe, kazi yake imekwenda, binti yake mwalimu amefukuzwa shuleni, na Horster amenyang'anywa chombo chake. Daktari anabaki na watu wa nyumbani kwake, akitangaza kwamba mwenye nguvu kuliko wote ni yule asimamaye peke yake.

Sasa tuupime mchezo huu kwa mizani yetu.

Ama meya, hukumu yake haina mgogoro. Mamlaka ni amana, na maji ya watu ni amana juu ya amana. Lakini tazama ustadi wa mtungaji: meya huyu si mwizi. Hali rushwa, hanywi, anakula kwa kiasi, na anaamini kweli kwamba anaulinda mji. Kosa lake ni kuiona heshima ya mji kuwa ni kitu kimoja na heshima yake yeye na halmashauri yake. Wangapi tunao wa namna hii, ambao hawaibi hata senti ya umma, lakini wakikosea hawako tayari mtu ajue? Na wenye gazeti ni wabaya zaidi, kwa kuwa walikwisha kuijua haki kisha wakaificha. Qurani imekataza kuficha ushahidi, ikatuamrisha kusimama na uadilifu japokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu au jamaa zetu. Katika jambo hili daktari amefanya zaidi kuliko wengi wanaojiita wacha Mungu: ametoa ushahidi juu ya kiwanda cha mkwewe na juu ya kazi ya ndugu yake, naye akijua kwamba riziki yake iko mikononi mwao.

Hata hivyo, msomaji, hatuwezi kumkubalia daktari yote. Mwenyezi Mungu alipowatuma Musa na Haruni kwa Firauni, aliwaamrisha waseme naye kwa upole. Je, watu wa mji ule, wenye maduka na wavuvi na mafundi, walikuwa waovu kuliko Firauni? Nasaha ina adabu zake. Mwenye haki akitukana, humpa mpinzani wake udhuru wa kuikataa haki, na msikilizaji akatoka akilikumbuka tusi na kulisahau jambo. Ndivyo ilivyokuwa. Watu waliingia katika nyumba ya Horster kwa ajili ya maji, wakatoka wakizungumza matusi.

Na hapa ndipo tunapohitilafiana na mtungaji. Ibsen, kwa uchungu wake wa mwaka 1881, anataka tuamini kwamba kosa ni la watu wengi kwa sababu ni wengi. Lakini kisa chake mwenyewe kinamkanusha. Watu wale hawakuisoma ripoti. Gazeti liliwanyima, na mkutano ukawanyima tena. Waliambiwa wapige kura juu ya jambo ambalo karatasi yake haikufunguliwa mbele yao. Kura ya namna hiyo si shauri, ni kiinimacho. Twawezaje kuwahukumu walioitwa kwenye mashauriano wakiwa wamefungwa macho?

Sisi tumefundishwa shura. Katika sira imesimuliwa kwamba katika vita vya Badri, Hubabu bin Mundhir alimuuliza Bwana Mtume (S.A.W.) iwapo mahali pale pa kupiga kambi palichaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipojibiwa kwamba ni rai, alishauri kambi isogezwe kwenye visima, na shauri lake likafuatwa. Zingatia mambo mawili. Mshauri aliuliza kwa adabu, na aliyeulizwa alijibu wazi. Hapakuwa na siri, wala hapakuwa na tusi, na jambo lenyewe lilikuwa maji.

Mwaka 1989 Satyajit Ray, mtengenezaji mashuhuri wa filamu wa Bengali, aliugeuza mchezo huu kuwa filamu, Ganashatru. Majumba ya kuogea akayafanya hekalu, na maji machafu akayafanya maji wanayopewa waabuduo. Mwisho wake aliubadilisha: daktari wa Ray anasikia nje sauti za vijana waliokuja kumuunga mkono, naye anatambua kwamba hayuko peke yake. Kwa rai yetu, Ray amekiona kilichompita Ibsen. Haki haihitaji mtu mmoja shujaa tu, inahitaji na watu waliokwisha kuambiwa ukweli.

Usidhani haya ni ya jukwaani tu. Tazama Lamu. Mwaka 2016 ilitolewa leseni ya mazingira ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi. Wenyeji waliopinga walikwenda mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ile ikafutwa. Katika sababu kubwa za hukumu ilikuwa hii: mikutano iliyoitwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuujadili uchunguzi wa madhara yake baada ya kukamilika. Ni kama nyumba ya Horster, ila mwisho umetofautiana. Watu wa Lamu hawakuvunja madirisha ya mtu. Waliidai karatasi, wakaifuata mpaka mbele ya hakimu. Nao wengine waliokuwa wakiutaka mradi kwa ajili ya kazi za vijana hawakuwa maadui wa watu. Walikuwa na haja ya kweli, na haja hiyo nayo ilistahili kuzungumzwa kwa hesabu zilizo wazi.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa kwenye mkutano wa mji wako juu ya maji, au soko, au gati, au jaa la taka, usikimbilie kuuliza nani yuko upande gani. Uliza kwanza: iko wapi karatasi? Nani ameisoma? Kwa nini haikusomwa hapa? Uliza kwa adabu, lakini usikae mpaka ujibiwe. Na ikiwa wewe ndiye mwenye kujua, usinyamaze kwa kuchelea jamaa, wala usiwatukane usiowafundisha. Na kama wewe ndiye uliyekabidhiwa kiti, jua kwamba siku ya kuulizwa juu ya amana hakuna atakayetoa hoja ripoti isisomwe.

Adui wa watu si yule aliyesema peke yake, wala si wale waliompigia kura. Adui wa watu ni yule aliyeifunga karatasi kisha akaitisha kura.

Wabillahi tawfiq.