Saini 138, Vitabu 137

Saa saba na dakika kumi mchana. Mtihani umekwisha, mlango wa ukumbi umefungwa, na wanafunzi wamekaa vitini, kalamu chini, wananitazama. Karatasi ya mahudhurio ina saini 138. Vitabu vya majibu vilivyoko mezani ni 137. Mwenzangu ameshahesabu mara mbili, nami mara moja, na jibu ni lilelile.

Mara ya nne hatukuhesabu majalada. Tulifungua kitabu kimoja kimoja. Ndani ya kitabu cha msichana wa safu ya sita tukakuta kitabu kingine, cha kijana aliyekaa nyuma yake. Aliyekuwa akikusanya alikwenda mbio, akavibana viwili kwa mkono mmoja, na kimoja kikapenya katikati ya kurasa za kingine. Kukitafuta kulituchukua dakika kumi na mbili. Tungewaruhusu watoke kwanza, kisha tukagundua jioni ofisini, kijana yule angeambiwa hakukabidhi kitabu chake, na asingekuwa na ushahidi wowote isipokuwa saini.

Nawasimulia haya walimu wenzangu wa vyuo vikuu, hasa wanaoanza kazi, kwa kuwa wengi wetu tuliajiriwa kwa ajili ya shahada zetu na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha namna ya kutahini. Darasa langu la mwaka wa kwanza la utangulizi wa isimu lilikuwa na wanafunzi 412, na ukumbi ule ulikuwa mmoja tu kati ya kumbi walimokaa. Nitaeleza tulivyoutunga mtihani wao, tulivyousimamia na tulivyousahihisha, pamoja na pale tulipokosea. Kwa maoni yangu kazi hiyo yote ni ya kuziba matundu: kila mahali ambapo alama ya mwanafunzi inaweza kuamuliwa na kitu kingine mbali na anachokijua.

Chuo kikuu kina matundu mengi kuliko sekondari, na sababu yake ni ya kimfumo. Mwalimu wa sekondari nchini Tanzania hatungi mtihani wa mwisho wa wanafunzi wake. Kuna Baraza la Mitihani, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, linalotunga, kusimamia na kusahihisha. Sisi wa vyuoni tunafundisha wenyewe, tunatunga wenyewe, tunasimamia na kusahihisha wenyewe. Kinga ya zamani dhidi ya mamlaka hayo ni mtahini wa nje. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake walikuwa wakisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Desturi ya kumwita mtu wa chuo kingine aje aangalie kazi yetu tumebaki nayo. Ni desturi njema, ila mtahini wa nje hufika mambo yakiwa yamekwisha. Hawezi kulirekebisha swali bovu ambalo watu 412 wameshalijibu.

Kwa hiyo tuanze na swali. Mwaka mmoja kabla ya mtihani huu niliuliza hivi: "Kwa kutumia mifano, jadili ngeli za Kiswahili." Nililiona swali zuri, fupi na la wazi. Nilipoanza kusahihisha nikakuta kundi moja limetaja ngeli kwa upatanisho, A-WA, LI-YA, KI-VI, kama walivyosoma sekondari. Kundi la pili limetumia nambari za wanaisimu Bleek na Meinhof, kama zilivyo kwenye vitabu vya isimu ya Kibantu. Kundi la tatu limechanganya. Idadi ya ngeli ikawa inatofautiana kutoka kitabu hadi kitabu, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa na orodha moja tu. Mwanafunzi aliyefuata uainishaji mwingine alipoteza alama bila kosa lolote. Ilibidi niandike mwongozo upya na kurudia vitabu vyote.

Mwaka uliofuata swali hilo liligeuka kuwa hivi: "Tazama sentensi hizi: Kiongozi amefika. Viongozi wamefika. Kisu kimepotea. Visu vimepotea. (a) Ukiainisha kwa umbo la nomino, 'kiongozi' na 'kisu' vitakaa ngeli moja au tofauti? (b) Ukiainisha kwa upatanisho je? (c) Toa nomino nyingine mbili zinazofanya kama 'kiongozi', na ueleze kwa nini zinafanya hivyo." Mwanafunzi aliyekariri orodha hana pa kuimwaga. Aliyeelewa ataandika kipofu au kiziwi, ataeleza kwamba viumbe hai huvuta upatanisho wa A-WA hata umbo likiwa la KI-VI, na atamaliza kwa nusu ukurasa. Wasahihishaji watatu wakilisoma jibu hilo, tofauti yao haitazidi alama moja.

Jambo la pili tulilobadilisha ni uchaguzi wa maswali. Mitihani yetu mingi humwambia mwanafunzi achague maswali matatu kati ya sita. Fanya hesabu: kuna namna 20 za kuchagua matatu kati ya sita. Maana yake ukumbi mmoja una mitihani 20 tofauti, na mwenye alama 65 huenda alifanya mtihani mwepesi kuliko mwenye 58. Tukaweka maswali matano, yote ya lazima, yenye jumla ya alama 60. Zile 40 nyingine zilishapatikana kwenye majaribio na kazi za muhula. Wanafunzi walinung'unika, na nawaelewa. Lakini ukitaka kupanga watu kwa mstari mmoja, wapime kwa kipimo kimoja.

Mada zilipangwa kwanza kwenye jedwali la utahini: upande mmoja fonolojia, mofolojia, sintaksia na semantiki, upande mwingine ni kiasi gani cha kukumbuka, kutumia na kuchanganua. Halafu nikaujibu mtihani mwenyewe, kwa kalamu, saa ikiwa mezani. Kanuni ninayoifuata ni kuzidisha muda wangu mara tatu. Rasimu ya kwanza ilinichukua dakika 74, ambazo ukizizidisha unapata saa tatu na dakika 42, na mtihani ni wa saa tatu. Nikapunguza.

Kuna tundu moja ambalo karibu lituponyoke. Swali la sintaksia lilitaka mwanafunzi achore mchoro matawi wa sentensi. Darasani nilikuwa na mwanafunzi asiyeona, anayesoma na kuandika kwa nukta nundu. Mtihani wake ulipaswa kupelekwa kuandikwa siku kadhaa mapema, na ni yule mwandishi wa nukta nundu aliyeniuliza swali la kawaida kabisa: "Mwalimu, huu mchoro atauchora wapi?" Tukampa namna ya kuonyesha muundo uleule kwa mabano, kila kirai ndani ya mabano yake. Ujuzi unaopimwa ni uleule na alama ni zilezile. Ningegundua asubuhi ya mtihani, ningempa swali la kubahatisha au ningelifuta. Mwalimu yeyote anayeweka picha, grafu au mchoro kwenye karatasi ajiulize hilo wiki tatu kabla.

Ukumbini mambo ni mengi lakini mengi yake yanajulikana, kwa hiyo nitayapita. Viti vya ukumbi wa mihadhara vimeshikamana, kwa hiyo unakalisha mtu, unaruka viti viwili, na safu moja unaiacha wazi ili msimamizi apite. Ndiyo maana ukumbi unaotosha darasa zima wakati wa kufundisha hautoshi hata nusu yake wakati wa mtihani, na ndiyo maana tulihitaji kumbi tatu na chumba kimoja kidogo. Karatasi zinahesabiwa kurasa kabla ya kufungwa kwenye bahasha, maana mashine ya kudurufu ikiruka ukurasa wa tatu hakuna atakayejua mpaka mtu anyooshe mkono. Bahasha inafunguliwa mbele ya wanafunzi. Simu na mabegi vinabaki mbele. Wenzetu wa Kenya wana jina lao la vile vikaratasi vya kuibia mtihani, mwakenya, jina la harakati ya siri ya miaka ya 1980; hapa nitasema tu kwamba swali la kiongozi na kisu limevipunguzia kazi kuliko ukali wa msimamizi yeyote.

Kanuni moja inastahili kuelezwa, kwa sababu wanafunzi huiona kama uonevu. Ni ile ya nusu saa: anayechelewa zaidi ya dakika 30 haingii, na aliyeingia hatoki kabla ya dakika 30. Hizo ni pande mbili za kanuni moja. Mradi hakuna aliyetoka, hakuna swali lililotoka, kwa hiyo anayechelewa kwa foleni ya daladala anaweza kuingia bila kumdhulumu mtu. Mara tu wa kwanza anapotoka, mlango wa kuingilia lazima ufungwe. Ukivunja upande mmoja kwa huruma, umeuvunja na wa pili. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi hivyo wiki moja kabla, dakika tano tu, na sijapata ugomvi mlangoni tangu siku hiyo.

Sasa usahihishaji, ambako dhuluma nyingi hufanyika bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka 1912 na 1913 watafiti Daniel Starch na Edward Elliott, kule Marekani, walituma nakala za karatasi moja ya majibu kwa walimu zaidi ya mia moja, kila mmoja aisahihishe peke yake. Karatasi ya jiometri, somo ambalo tungedhani halina ubishi, ilipewa alama kuanzia chini ya 30 hadi zaidi ya 90 katika mia. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunamkabidhi mwalimu mmoja rundo la vitabu tukimwambia alete alama Ijumaa.

Tulikuwa wasahihishaji watatu. Njia ya kawaida ni kugawana vitabu, kila mtu 137 au 138. Sisi tuligawana maswali. Aliyechukua swali la kwanza alilisahihisha katika vitabu vyote 412, na hakugusa jingine. Hivyo ukali wake, kama anao, unawaangukia wote sawasawa. Faida ya pili ni kwamba msahihishaji haoni mwanafunzi alivyofanya kwenye maswali mengine. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 jinsi sifa moja ya mtu inavyotia rangi hukumu zetu juu ya sifa zake nyingine zote, na kila mwalimu anajua moyoni jinsi jibu zuri la kwanza linavyomlainisha anapofika la pili. Vitabu vilikuwa na namba za mtihani tu, bila majina.

Kabla ya kuanza tulikaa pamoja tukasahihisha vitabu kumi bila kuandika alama ndani yake, kila mtu kwenye karatasi yake, kisha tukalinganisha. Swali la semantiki lilitutenganisha kwa alama nne kati ya 12. Tulibishana saa nzima. Mwisho tukaongeza mistari miwili kwenye mwongozo, na ubishi ukaisha.

Kazi ya kujumlisha alama apewe mtu wa nne. Ninasema hivi kwa sababu makosa ya kujumlisha ndiyo niliyoyaona mara nyingi zaidi katika kazi hii, na yanaua. Katika vyuo vyetu vingi 40 ni C na mtu amefaulu, 39 ni D na mtu ana sapu, yaani mtihani wa marudio: atarudi likizo ikiisha, atalipa nauli na kodi ya chumba, atasoma upya. Kila aliyeangukia kati ya 37 na 39 tulikifungua kitabu chake tena. Tuliwakuta wawili ambao ukurasa wao wa mwisho haukusomwa kabisa.

Matokeo yakisharekodiwa, wengi hufunga jalada. Naomba tusifunge bado. Panga wanafunzi kwa alama zao, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa darasa langu ni watu 111 kila upande. Kwa kila swali, hesabu waliopata nusu ya alama au zaidi. Swali la kiongozi na kisu: juu 84, chini 30. Swali hilo linatofautisha. Swali la tatu, lililomtaka mwanafunzi aeleze umuhimu wa isimu kwa mwalimu wa lugha: juu 58, chini 55. Niliirudia hesabu nikidhani nimekosea. Aliyejua isimu na asiyejua walipata sawa, maana kila mtu aliandika maneno mema ya jumla na mwongozo wangu ukayakubali. Alama 12 kati ya 60 zilikwenda bila kupima chochote.

Niliipeleka takwimu hiyo kwenye kikao cha idara, na alama hazikubadilishwa, kwa kuwa swali liliwaangukia wote. Nilichoomba, na ninaendelea kuomba hapa, ni ratiba. Mwalimu anayepewa siku saba kwa vitabu 412 atagawana vitabu badala ya maswali, hatakaa na wenzake juu ya vile kumi vya mwanzo, na hatafungua tena cha mwenye 39. Wakuu wa idara na wa vitivo wanaweza kutupa wiki tatu bila kuomba shilingi moja ya ziada.

Swali la tatu nimeliondoa kwenye akiba yangu. Mtihani wa mwaka huu uko kwa mwenzangu tangu Jumatatu, anaujibu kwa kalamu, saa ikiwa mezani.